Presha ya Mtihani wa Sheria Huanzia Kwenye Ratiba

Oktoba 2022 matokeo ya Law School yalizungumzwa hata na watu ambao hawajawahi kukanyaga mahakamani. Kati ya watahiniwa 633 waliofanya mtihani wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 wakaambulia kufeli. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni, na mjadala ukaenda kila upande. Wapo waliovilaumu vyuo vikuu, wapo walioilaumu taasisi yenyewe, na wapo waliosema vijana wa siku hizi hawasomi. Katika kelele zile jambo moja halikupata nafasi ya kutosha: namna mtahiniwa anavyoishi miezi ya kabla ya mtihani, anavyogawa siku zake, na jinsi mgawanyo huo unavyomjengea hofu au kumpunguzia. Makala haya yanahusu jambo hilo. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya msongo wa mawazo unaowakumba wanaojiandaa kwa mitihani ya sheria haitokani na ugumu wa sheria wala udhaifu wa moyo. Inatokana na mtu kusoma kwa muda mrefu bila kujua amefika wapi.

Mwambao wa kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Tegeta, Boko na Bunju, kupitia Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo mjini, una watu wengi ambao hoja hii inawagusa. Kodi ya chumba huku ni nafuu kuliko Sinza au Mwenge, na wengine wako kwao, wanakaa na wazazi baada ya kumaliza shahada. Kuna anayesubiri kuingia Law School na kuna aliyerudi nyumbani na sapu mbili. Kuna pia karani, mwalimu au askari aliyeamua ukubwani kwamba anataka shahada ya sheria, akaambiwa kwamba bila matokeo mazuri ya Kidato cha Sita itambidi apite njia nyingine, kama ule mtihani wa kutambua maarifa ya awali unaoratibiwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Wenzetu wa Uganda wana mlango wa ziada, kwani Chuo Kikuu cha Makerere huwapima kwa mtihani wake wa kuingia wale wanaoomba shahada ya sheria. Marekani wana LSAT, iliyoanza mwaka 1948, ambayo haimuulizi mtu sheria hata moja. Inampima anavyosoma na anavyojenga hoja, kila sehemu kwa dakika 35. Milango ni tofauti, lakini anayesimama mbele yake hukutana na shida ileile: kazi nyingi, muda mrefu wa kujiandaa, na siku moja au chache za kupimwa.

Presha yenyewe inaanzaje? Mara nyingi mtahiniwa huanza vizuri. Ana notisi zake, ana kalamu ya kupigia mistari, na anasoma sura ya kwanza ya mwenendo wa mashauri ya madai mpaka akaielewa. Kesho yake anasoma ya pili. Baada ya mwezi amepita kitabu kizima na moyo umetulia, kwa sababu kila ukurasa anaoufungua unaonekana mgeni aliyekwisha kumkaribisha. Anaujua. Kisha, zikiwa zimebaki wiki mbili, anachukua pastipepa ya mwaka juzi, anasoma swali la kwanza, na kalamu haisogei. Anachokumbuka ni kwamba jambo hilo aliwahi kulisoma, hata upande wa ukurasa lilipokuwa analikumbuka, ila lenyewe halipo. Hapo ndipo hofu inapoingia, na inaingia kwa haki, maana mtu amegundua ukweli wakati muda wa kuufanyia kazi umekwisha. Kinachofuata kinajulikana: kukesha, kahawa, kugombana na watu wa nyumbani, kuanza kusoma kila kitu upya kutoka ukurasa wa kwanza. Wengi huiita hali hiyo presha ya mtihani. Naona ni presha ya kuchelewa kujipima.

Ushahidi wa jambo hili upo, na unafaa kuelezwa kwa utaratibu. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Kundi moja lilisoma habari yake mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja tu, kisha mara tatu likafunika karatasi na kuandika kila lilichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walishinda: walikumbuka asilimia 83, na wenzao asilimia 71. Lakini waliopimwa baada ya wiki moja walitoa jibu la kinyume. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojipima wakabaki na asilimia 61. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba kabla ya kupimwa, waliosoma mara nyingi ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba watakumbuka. Kusoma kwa kurudia kuliwapa utulivu usio na mizizi. Ukiunganisha na kazi ya Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alichapisha vipimo alivyojifanyia mwenyewe kuonyesha jinsi kumbukumbu inavyoporomoka haraka katika saa na siku za mwanzo, unapata picha kamili ya mtahiniwa niliyemweleza. Anasahau bila kujua kwamba anasahau, na njia anayoitumia kusoma ndiyo inayomficha.

Tuchukue mfano mdogo wa darasani. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inaweka muda ambao mtu akiuvuka kabla ya kufungua shauri, madai yake yanakuwa yamepitwa na wakati. Kwa Bagamoyo hili si jambo la vitabuni, kwa sababu migogoro ya viwanja na mashamba ni chakula cha kila siku cha mabaraza na mahakama zetu. Mwanafunzi anayesoma kwa macho atapita kwenye jedwali la sheria hiyo, ataona miaka, atatikisa kichwa, ataendelea. Anayejipima atafunga kitabu, atachukua karatasi tupu, na kuandika: kudai ardhi, miaka 12, madai ya mkataba, miaka 6, madhara yasiyotokana na mkataba, miaka 3. Kisha atajiuliza: muda unaanza kuhesabika lini? Kama mdaiwa alikiri deni kwa maandishi katikati, inakuwaje? Kama mwenye haki alikuwa mtoto, je? Hapo atakwama, na kukwama huko ni faida, kwa sababu amekwama nyumbani kwake, miezi mitatu kabla, akiwa na kitabu pembeni. Atafungua, atasoma aya mbili anazozihitaji, atafunga tena. Kesho kutwa atarudia karatasi ileile, na wiki inayofuata tena. Hukumu za kusomea mifano hazina gharama, kwa kuwa mahakama zetu huzichapisha bure kwenye mtandao wa TanzLII, na simu ya kawaida yenye bando dogo inatosha kuzifungua.

Faida ya utaratibu huu haiishii kwenye kumbukumbu. Mtu anayejipima tangu wiki ya kwanza ana daftari linalomwambia ukweli: mada kumi na mbili anaziandika bila kuangalia, saba anazikosea nusu, tano hajazigusa. Anaweza kuogopa, lakini anaogopa mada tano zenye majina, na mada tano hugawanywa kwenye wiki. Asiyejipima anaogopa kitu kizima kisicho na umbo, na kitu cha namna hiyo hakigawanyiki. Ndiyo maana nasema kupanga mwendo na kupunguza msongo ni kazi moja. Wanaotenganisha mambo haya mawili, wakapanga ratiba ya kusoma upande mmoja na mazoezi ya kutuliza akili upande mwingine, hujikuta wanatibu homa bila kugusa malaria.

Sasa tupige hesabu ya mwendo. Mtu aliye na miezi minne, yaani wiki 16, akasoma saa tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, atakuwa amesoma saa 288. Mwenzake anayengoja mpaka zibaki siku 19, kisha akajifungia ndani saa 15 kila siku, atapata saa 285. Kwa hesabu ya saa wanakaribia kulingana. Kwa hesabu ya kichwa hawalingani hata kidogo, kwa sababu wa kwanza amekutana na kila mada mara nne au tano, kila mara akiwa ameisahau kidogo na kulazimika kuivuta, na kule kuivuta ndiko kunakoikaza. Wa pili amekutana nayo mara moja, kwa kina, akiwa amechoka. Mji wa Bagamoyo uliwahi kuishi kwa kuelewa hesabu hii. Wapagazi wa karne ya 19 waliokuwa wakitoka hapa kwenda Tabora na Ujiji walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kwa safari ya miezi, na hawakutembea kutwa. Waliondoka alfajiri, wakatua kabla jua halijawa kali, na kituo cha kesho kilipangwa kwa kufuata maji yalipo. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi hao, anawaonyesha kuwa wafanyakazi wenye utaalamu na desturi zao za kazi, si watu wa kuswagwa tu. Kusimama njiani kulikuwa sehemu ya utaalamu huo.

Ugumu wa mtahiniwa wa leo ni kwamba hana wa kumpangia vituo. Wilaya ya Bagamoyo ina shule za bweni zinazofahamika nchini kwa matokeo mazuri, Marian Girls ikiwa mojawapo, na katika shule za bweni siku nzima huendeshwa kwa kengele: kuamka, darasani, chakula, prepo, kulala. Mwanafunzi mzuri wa bweni hujiona ana nidhamu, na anayo, lakini sehemu ya nidhamu ile ilikuwa ya kengele. Akimaliza chuo kikuu akarudi nyumbani Magomeni ya Bagamoyo au Dunda kujiandaa na mtihani wa sheria, kengele haipo. Mchana anatumwa sokoni, jioni wageni wanakuja, usiku umeme unakatika. Anaanza kusoma pale tu anapojisikia, na kwa kuwa siku nyingi hajisikii, deni linakua, na deni ndilo linalomnyima usingizi.

Kwa bahati nzuri maisha ya mwambao yana vipimo vyake vya saa, na sioni kwa nini mtu avipuuze aende kutafuta ratiba ya kigeni mtandaoni. Kwa Mwislamu, siku tayari imegawanywa na sala tano. Kipindi cha baada ya Alfajiri, hewa ikiwa bado ya baridi na nyumba imetulia, ni saa moja na nusu ya thamani kuliko saa nne za mchana wa Januari, wakati wa kaskazi, joto likiwa limekaba chumba cha bati. Baina ya Alasiri na Magharibi kuna nafasi nyingine, ya kujipima, si ya kusoma jambo jipya. Baada ya Isha, nusu saa ya kupitia makosa ya siku hiyo, basi. Asiye Mwislamu anaweza kufuata mgawanyo huohuo kwa saa zake. Mwezi wa Ramadhani nao upangwe mapema, kwa uaminifu. Anayefunga asijidanganye kwamba saa kumi jioni atakuwa na akili ileile ya saa mbili asubuhi. Asogeze kazi nzito baada ya daku, na katika mwezi huo apunguze malengo kwa theluthi moja bila kujiona mzembe.

Wapo watakaosema maneno haya ni ya watu wenye nafasi. Anayefanya kazi Posta au Kariakoo na kulala Kerege anaondoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Saa tatu za kusoma atazitoa wapi? Pingamizi hili ni zito na halijibiwi kwa kumwambia mtu ajitahidi. Jibu langu ni kwamba yeye ndiye anayehitaji mwendo kuliko wote. Mwenye siku nzima anaweza kupoteza saa mbili akazipata tena, yeye hawezi. Saa moja kila alfajiri, siku tano kwa wiki, na saa nne za Jumamosi, ni saa tisa kwa wiki. Kwa wiki 32 ni saa zilezile 288. Maana yake aanze miezi minane kabla, mahali pa minne, na akubali bila kinyongo kwamba mwenzake asiye na kazi ataanza baadaye na kufika naye siku moja. Ndani ya daladala ya Makumbusho na Bagamoyo, tena ukiwa umesimama, kusoma sheria mpya hakuwezekani, na kujilazimisha ni kujichosha. Kinachowezekana ni kufumba macho na kujaribu kukumbuka hatua za kufungua shauri, moja baada ya nyingine, toka Tegeta mpaka Bunju. Kukumbuka hakuhitaji meza.

Usingizi unahitaji aya yake, kwa sababu ndio wa kwanza kuuzwa. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha utafiti wa watu waliolala saa sita au pungufu kwa siku 14 mfululizo. Mwisho wa siku hizo, uwezo wao wa kumakinika na kufikiri ulikuwa umeshuka kufikia hali ya mtu aliyekaa macho hadi usiku mbili mfululizo. Wenyewe hawakuhisi wameshuka kiasi hicho, walidhani wamezoea. Linganisha na wale wa Roediger na Karpicke waliorudia kusoma mara nne. Hapa pia mtu anapungukiwa huku akijiona yuko sawa. Mtahiniwa anayejisifu kwamba analala saa nne na anamudu, hana kifaa cha kupima kama kweli anamudu, maana kifaa chenyewe ni kichwa kilichochoka. Mtihani wa sheria, zaidi ya mitihani mingi, unataka makini ya kuona neno dogo. Shauri lilifunguliwa siku ngapi baada ya hukumu? Aliyesaini mkataba alikuwa na umri gani? Nani aliuza kiwanja kabla ya mwenzake? Neno hilo likipita bila kuonekana, jibu lote linakwenda upande usio wake hata kama mwandishi anaijua sheria kwa moyo.

Nimesema mapema kwamba waliorudia kusoma mara nne walifanya vizuri walipopimwa baada ya dakika tano. Kwa hiyo anayeniambia kwamba chuoni alikuwa akikesha usiku wa mwisho, akaingia asubuhi na kupata B, sitamwita mwongo. Kubukua usiku mmoja kunafanya kazi kwa mtihani wa kesho wenye mada chache. Tofauti ni kwamba mitihani ya uwakili ni mingi kwa mpigo, inagusa mwenendo wa madai, wa jinai, uandishi wa nyaraka za kisheria na maadili ya uwakili, na huwezi kukesha usiku wa mwisho kwa masomo yote hayo. Kuna pia jambo la pili ambalo nalijali zaidi ya alama. Anayefaulu leo, mwakani anaweza kusimama mbele ya hakimu wa Bagamoyo kumtetea mvuvi au mjane, na mteja hatampa usiku mmoja wa kujikumbusha. Sheria iliyoingia kichwani kwa mkesha hutoka na asubuhi yake, na mwenye kulipa gharama ni mtu ambaye hakuwepo kwenye chumba cha mtihani.

Wengine watasema hofu kidogo ni nzuri, usiiondoe yote. Nakubaliana nao. Tangu mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson walipofanya majaribio yao, imekuwa ikisemwa kwamba msukumo wa wastani husaidia utendaji, na ukizidi huuharibu, hasa kwenye kazi ngumu. Majaribio yale yalifanywa kwa panya, kwa hiyo tusiyabebeshe zaidi ya uwezo wake, lakini uzoefu wa walimu na wanafunzi unakwenda upande huohuo. Kujipima mara kwa mara hakuondoi hofu. Kunaigawa katika dozi ndogo. Kila wiki unapokaa na pastipepa na saa ya ukutani, moyo unadunda kidogo, na mwili unazoea kwamba moyo ukidunda kalamu haisimami. Napenda pia kutahadharisha kuhusu dawa za haraka. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kuandika hofu zako kwenye karatasi kwa dakika kumi kabla ya mtihani kunainua alama, na habari hiyo ikaenea duniani. Watafiti wengine waliporudia baadhi ya majaribio hayo, kwa kazi iliyochapishwa mwaka 2018, hawakupata matokeo yaleyale. Anayetaka aandike, haimgharimu kitu, lakini asiitegemee mahali pa wiki 16.

Pingamizi kubwa zaidi ni la wanaosema kwamba kuzungumzia ratiba na usingizi ni kumtupia mwanafunzi lawama za mfumo. Watahiniwa 26 kati ya 633, wanasema, si tatizo la kulala. Wana haki. Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14, na mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning. Leo shahada za sheria zinatolewa na vyuo vingi nchini, na mwalimu wa leo hawezi kumjua mwanafunzi wake kama alivyojulikana kila mmoja wa wale 14. Maandalizi ya awali, idadi ya walimu, namna ya kutunga na kusahihisha mitihani, yote yanastahili kuhojiwa, na hoja ya kuwapima watu kabla hawajaingia Law School inastahili kujadiliwa kwa makini. Lakini mageuzi ya mfumo yanakwenda kwa miaka, na mwenye mtihani Novemba hawezi kuyasubiri. Nisichokubali ni kumwambia mtu kwamba kwa kuwa mfumo una kasoro, alichonacho mkononi hakina thamani. Taasisi nazo zinaweza kusaidia mwendo huu kwa gharama ndogo: majaribio mafupi kila wiki yasiyo na alama za kutisha, na majibu yaliyosahihishwa yarudi mapema ili mwanafunzi aone alipokosea.

Suala la lugha ndilo ninaloona limebebwa kwa wepesi kuliko uzito wake. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama, na ni hatua kubwa kwa mwananchi. Hata hivyo hukumu nyingi za rejea bado zipo kwa Kiingereza, na shahada ya sheria husomwa kwa Kiingereza. Mtahiniwa wa mwambao, ambaye Kiswahili ndicho alichozaliwa nacho, anasoma swali kwa lugha moja, anafikiri kwa nyingine, na kurudi kuandika kwa ile ya kwanza. Safari hiyo inakula dakika, na dakika hizo hazionekani mtu anaposoma nyumbani kimoyomoyo. Zinaonekana kwenye chumba cha mtihani, swali la tano likiwa halijaguswa na msimamizi anatangaza muda uliobaki. Kwa hiyo anayejipima ajipime kwa lugha atakayoandikia, kwa mkono, kwa saa. Tuseme karatasi ina maswali matano kwa saa tatu. Dakika kumi za kusoma yote na kuchagua pa kuanzia, dakika 32 kwa kila swali, dakika kumi za mwisho za kupitia. Anayejaribu hivyo mara ya kwanza hushangaa kuona dakika 32 zimekwisha akiwa bado anaeleza ukweli wa shauri, hajafika kwenye sheria. Akifanya zoezi hilo mara nane au kumi kabla ya siku yenyewe, atajua ukubwa wa jibu linaloingia ndani ya muda ule, na mkono utakuwa umezoea kuandika saa tatu bila kukaza vidole. Wiki ya mwisho isiwe na jambo jipya. Iwe ya makosa ya zamani, kulala mapema, na kufanya safari ya kwenda kituo cha mtihani walau mara moja kwa saa ileile ya asubuhi, ili foleni ya Tegeta isimkute mtu ikiwa ngeni.

Nyumbani nako kuna kazi. Familia nyingi huku zimechangishana ili mtoto afike hapo; kuna shamba lililouzwa, kuna mjomba aliyelipa ada. Kwa hiyo swali la mama, umefikia wapi mwanangu, linatoka kwenye upendo, ila kwa mtoto asiye na jibu linaingia kama hati ya mashtaka. Anayejipima anaweza kumjibu kwa daftari: hizi nimeziweza, hizi bado, hizi za wiki ijayo. Mama hahitaji kujua mwenendo wa madai ili aelewe daftari hilo, na akishaelewa atakuwa wa kwanza kuwatuliza wageni sebuleni na kumtuma mwingine sokoni. Na kuna hali ambayo ratiba haiiwezi. Mtu akikosa usingizi kwa wiki kadhaa hata akilala mapema, akishindwa kula, akalia bila sababu, au akaanza kusema kwamba bora asingekuwepo, hiyo imekwisha kuwa ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na una matibabu. Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo ni mahali pa kuanzia, na Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili. Mtihani una awamu nyingine. Apelekwe siku hiyohiyo, na anayempeleka akae naye mpaka aonwe na daktari.